SOMO: Pampu ya oili ya injini ya Toyota 1NZ-FE (IST, Probox, Vitz), kupima, kufungua na kufunga

Wadau, taa nyekundu ya oili ikiwaka, pampu ndiyo inayolaumiwa kwanza, na mara nyingi inaonewa. Kwenye 1NZ pampu iko ndani ya kava la cheni ya taimingi na inazungushwa moja kwa moja na krenki (shafti kuu ya injini). Kuifikia ni kazi ya siku nzima, kwa hiyo pima kabla ya kununua chochote.

1. Presha. Hakikisha kiwango cha oili kipo. Fungua swichi ya presha, funga geji ya mkono mahali pake. Injini ikiwa ya moto, kwenye sailensa (inaunguruma bila kukanyaga mafuta) isome angalau 0.5 kg/cm², na kwenye mizunguko 3,000 iwe kati ya 1.5 na 5.6. Ikisoma vizuri na taa bado inawaka, tatizo ni swichi au waya wake.

2. Isome geji vizuri. Ikiwa chini kwenye sailensa lakini inapanda ukikanyaga mafuta, shuku metali (beringi) za krenki zimelika. Ikiwa chini kote na haipandi, shuku vali ya kupunguza presha imekwama wazi, au rota (gia zinazozunguka ndani ya pampu) zimelika. Ikianza vizuri kisha ikashuka mizunguko inapopanda, pampu inanyimwa oili: chujio (neti ya kunyonyea oili, ndani ya sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini) limeziba.

Hili la mwisho kwa Mwanza lisikupite. Njia za kupanda Mabatini, Bugarika au Isamilo zina mawe yanayogonga sampu. Bati likibonyea ndani linakaribia mdomo wa chujio, na hakuna kitakachovuja kukushtua. Pitisha mkono chini ya sampu. Ukikuta bonde, anza na sampu na chujio, pampu iache kwanza.

3. Kufungua. Toa nyaya hasi ya betri, mwaga oili na maji ya rejeta. Toa tairi la mbele kulia, belti, kava la juu la vali. Weka pistoni ya silinda namba 1 juu, alama ya puli kwenye 0. Shikilia injini kwa jeki yenye ubao, toa maunti (kishikio cha injini) ya kulia, puli ya krenki, pampu ya maji, sampu, halafu kava la taimingi. Boliti zake zina urefu tofauti. Zichomeke kwenye boksi ulilolichora umbo la kava.

4. Kukagua. Fungua kifuniko cha pampu. Michirizi inayokwaruza ukucha kwenye rota au kwenye nyumba yake maana yake ni pampu nyingine. Vali ya presha ipake oili uiachie kwenye tundu lake: ishuke kwa uzito wake yenyewe.

5. Kufunga. Alama za nukta kwenye rota zitazame upande wa kifuniko. Jaza oili safi kati ya rota; pampu kavu hainyonyi. Weka sili mpya ya krenki. Kwangua silikoni ya zamani yote, maana kipande kikidondoka ndani kinaishia kwenye chujio. Paka mpya mstari wa milimita 4 hivi na ufunge kava ndani ya dakika 3. Rota ya ndani iingie kwenye krenki bila kugongwa nyundo. Puli kaza Nm 128, boliti ndogo za sampu Nm 9 tu.

Subiri saa 2, weka filta mpya na oili lita 3.7, rudisha maji. Toa fyuzi ya EFI (ya mfumo wa mafuta, injini isiwake), piga stata sekunde 10 kwa awamu mpaka taa izime. Rudisha fyuzi, ndipo uwashe. Taa isipozima ndani ya sekunde chache, zima hapo hapo.

MASWALI

Mkuu, fundi wangu wa Igoma kaniwekea 20W-50 na taa ikazima. Si nimepona?
Hapana kaka. Oili nzito inapandisha usomaji tu, metali zinaendelea kulika. Halafu VVT-i (mfumo unaobadilisha muda wa vali kufunguka) ya 1NZ inatumia presha ya oili hiyo hiyo kupitia matundu membamba. Asubuhi itakuwa nzito. Rudi kwenye 5W-30 au 10W-30, upime kwa geji.

Pampu ya mtumba inafaa?
Inafaa ikiwa imekuja na kava lake na umeifungua ukaiona. Usichanganye rota za kava moja na nyingine.

Nimesafisha chujio, presha bado inayumba. Nini tena?
Angalia gasketi ya chujio. Ikiwa imekatika pampu inavuta hewa pamoja na oili, na sindano ya geji inacheza.

Naweza kufika Nyegezi kutoka Buzuruga taa ikiwa imewaka?
Usiendeshe dada. Vuta gari. Metali zikikosa oili zinakwangua krenki, na hapo utakuwa unanunua injini.