Somo: Filamu ya mabawa ya kumbikumbi, bila kamera ya video

Mwaka 1963 Mmarekani Stan Brakhage alitengeneza Mothlight, filamu bubu ya dakika kama nne. Hakutumia kamera. Alibana mabawa ya nondo waliokufa, petali na majani kati ya tepu mbili angavu za milimita 16, kisha mkanda ukanakiliwa maabara. Naipenda kuliko filamu zote za kifo nilizotazama: haikisimulii kifo, inapitisha mwanga ndani ya mwili wenyewe, na mwili unapapatika tena.

1. Mvua zikinyesha, okota mabawa ambayo kumbikumbi wameyaacha chini ya taa. Yakaushe vizuri, la sivyo yataota ukungu.

2. Tandaza selotepu ya mita mbili, gundi ikitazama juu, uyapange kwa kibano. Usijali fremu (picha moja ya filamu, hapa milimita 8 za mkanda) inaishia wapi. Bawa la sentimita 3 likivuka fremu nne, fremu moja hupata ncha, nyingine mshipa, nyingine ukingo tu. Kupapatika kunazaliwa hapo. Ukipanga bawa zima kwa kila fremu, utapata orodha ya wadudu. Acha na mapengo pia. Mwanga mtupu ukilipuka ghafla, mtazamaji anahisi kilichotoweka.

3. Funika kwa selotepu ya pili, utoe hewa kwa ukucha.

4. Kata tundu la milimita 10 kwa 8 kwenye kadi nyeusi, uilaze juu ya kioo chenye mwanga chini, mkanda ukipita kati ya kadi na kioo. Piga picha kwa simu, sogeza mkanda milimita 8, piga tena. Sekunde moja hula picha 24, kwa hiyo mita mbili ni sekunde kumi hivi.

5. Ziunganishe kwenye programu ya kuhariri video.

Maswali

– Naweza kuwaua nondo ili nipate mabawa?
Hapana. Taa ya barazani itakupa waliokwisha kufa.

– Niweke muziki?
Itazame kwanza kimya. Muziki utamwambia mtu ahuzunike kabla hajaona kitu.

– Picha zangu zina vidoti.
Bila shaka mwanga wako ni skrini, na vidoti ni vya skrini hiyo. Inua kioo sentimita tano, utandike karatasi nyeupe nyepesi chini yake.

– Nina maua yaliyobaki kwenye msiba wa bibi. Ni vibaya kuyatumia?
Waombe ruhusa wenzako wa nyumbani kwanza. Wakikubali, chambua petali moja moja na uzibane ndani ya kitabu wiki nzima. Zikiwa nene mwanga haupiti.