Kundi la Kwanza la Kuku Uani: Jinsi ya Kumjua Kila Mmoja

Mitetea watano wa kienyeji na jogoo mmoja wanamtosha anayeanza kufuga uani. Kwa idadi hiyo unaweza kumjua kila mmoja kwa sura na tabia, na kumjua huko si mapambo. Kuku huficha ugonjwa mpaka umzidi, maana akionyesha unyonge wenzake humdonoa na mwewe humlenga. Kinachokushtua mapema ni tabia kubadilika, na hutaona imebadilika kama hukujua jana alikuwaje.

Wakifika, wafungie bandani siku 5 hadi 7. Wape chakula na maji humo humo, na kila unapowalisha tikisa kopo moja la punje ili waizoee sauti yake. Siku ya kuwafungulia, ngoja saa kumi na moja jioni. Watachakura karibu na banda, na giza litawarudisha lenyewe. Ukiwafungulia asubuhi siku ya kwanza, jioni utawatafuta kwa jirani.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, lakini uzi mwembamba na mpira wa kufungia pesa humkata ngozi. Ili uwatofautishe, tumia pete za plastiki za rangi, au utepe wa kitambaa wenye upana wa sentimita moja, usiokaza. Uwe unazunguka mguuni kwa urahisi. Kwa matembe (mitetea wachanga) na mapora (majogoo wachanga) ulegeze kila wiki mbili, kwa kuwa miguu yao bado inanenepa. Nyekundu iache, wataidonoa. Kisha mpe kila kuku ukurasa wake kwenye daftari: rangi ya alama, umbo (kishingo asiye na manyoya shingoni, kuchi mrefu, mwenye manyoya yaliyojikunja), anavyokula na anapolala.

Nyakati mbili za siku zinakufundisha kuliko nyingine zote. Ya kwanza ni asubuhi unapomwaga chakula. Angalia nani anafika mbele, nani anamdonoa nani kichwani, nani anazunguka nje akisubiri. Andika tu "Bluu amemdonoa Njano", na baada ya wiki moja utaiona ngazi yao: mkubwa hudonoa bila kudonolewa, wa mwisho hudonolewa na wote. Ya pili ni magharibi wanapopanda fito za kulalia. Wababe huchagua nafasi kwanza, wanyonge husukumwa pembeni. Fito zikiwa na vimo tofauti, vita ni kila jioni kwa sababu wote wanataka ya juu. Ziweke kimo kimoja, na kila kuku apate sentimita 20 hadi 25.

Ubabe wa kawaida ni mdono mmoja na mdonolewa anaondoka. Ukiona anafuatwa mpaka kwenye kona, au damu imetoka, ingilia haraka, maana damu huwaita wengine. Mtoe majeruhi, msafishe kidonda, mpake dawa ya zambarau ya dukani. Inakausha, na pia inaificha ile rangi nyekundu. Kabla ya kumlaumu mbabe, kagua chombo cha chakula. Kikiwa kimoja na kidogo, anakimiliki. Weka viwili, mbalimbali hatua tatu au nne, asiweze kuvilinda vyote. Asipoacha, mtenge yeye siku 3 hadi 5. Akirudi atakuta ngazi imepangwa upya, na mara nyingi kiburi kimepungua.

Mwoga usimkimbize. Kila unapomkimbiza unamfundisha kwamba wewe ni kicheche. Kaa chini kwenye kigoda, mwaga punje chache karibu na miguu yako, tulia. Mchwa na kumbikumbi huvunja woga haraka kuliko mahindi. Kuku mdadisi atakuja kwanza, waoga watamfuata kwa siku zao. Ukihitaji kumshika yeyote, mshike usiku. Gizani haoni vizuri, hatapigana. Weka viganja juu ya mabawa yote mawili, umwinue ukimkumbatia. Usimnyanyue kwa bawa wala kwa mguu mmoja.

Huo usiku ndio wa kumkagua, mara moja kwa wiki mbili, kwa tochi hafifu. Papasa mfupa wa kidari: ukichomoza kama makali ya kisu, amekonda hata kama manyoya yanamfanya aonekane mnene. Gole, ule mfuko wa chakula chini ya shingo, liwe limejaa usiku na tupu alfajiri. Likiwa gumu asubuhi, chakula kimekwama, mara nyingi majani marefu au nyuzi za mfuko wa plastiki. Funua manyoya chini ya mkia utafute chawa, kisha mulika nyufa za fito na viota utafute utitiri. Mwisho, pima mifupa miwili ya nyonga pembeni mwa tundu la kutagia. Vidole viwili au vitatu vikienea katikati, huenda anataga. Kikienea kimoja tu, bado hajaanza au amepumzika. Kama anayeonekana anataga huoni yai lake, basi ana kiota chake kichakani. Mfungie bandani mpaka saa nne asubuhi kwa siku kadhaa, na acha kwenye kiota cha ndani yai moja ulilolitia alama ya penseli. Kiota kimoja cha sentimita 30 kwa 30 kinatosha mitetea wanne au watano.

Siku moja mtetea mpole ataanza kuvimba manyoya, kulia kwa sauti nzito na kukuuma mkono. Hajaugua, anataka kuatamia. Mpe mayai 10 hadi 12 usubiri siku 21. Kama huhitaji vifaranga, mweke siku 3 au 4 kwenye kizimba chenye sakafu ya wavu, kisicho na nyasi, akiwa na chakula na maji. Upepo ukimpita tumboni hamu inakwisha. Tofauti yake na mgonjwa ni kwamba mgonjwa hujikunyata popote, mabawa yameshuka, macho yamefumba. Mbabe wako akianza kufika mwisho kwenye chakula, usingoje dalili nyingine, mtenge siku hiyo hiyo.

Jogoo mzuri hula mwisho. Akiona punje hutoa mlio wa haraka, huiokota na kuiangusha mpaka mitetea waje. Jifunze pia milio yake ya hatari. Kwa mwewe au kunguru angani hutoa mlio mmoja mrefu na wote hujificha. Kwa paka au nyoka hupiga kelele za kukatakata, shingo zikiwa juu. Pora anayebalehe huenda akakujaribu, akishusha bawa moja na kukuzunguka. Usikimbie, na usimpige teke, maana atadhani mmeanza pambano. Msogelee, mkamate, mbane kwapani mpaka atulie. Akiendelea kurukia watoto, sufuria ipo.

Ukiongeza kuku, usilete mmoja peke yake, atateswa. Leta wawili au zaidi, uwatenge mbali na wenzao kwa siku 14 hadi 21, kisha wiki moja waonane kupitia wavu, halafu wapandishe kwenye fito usiku. Wapate chanjo ya mdondo (kideri, au Newcastle) wakiwa na afya, kabla ya kuchanganywa. Chanjo ya macho ni tone moja kwa kuku, hurudiwa kila miezi mitatu. Kichupa kimoja hutosha kuku wengi na kikifunguliwa hakiwekwi mpaka kesho, kwa hiyo panga siku moja na majirani, mchange bei, muanze alfajiri kabla kuku hawajafunguliwa.