Kabla hujang'oa, zungusha shina kwanza

Mwaka wa kwanza wa bustani yangu ya maua ya porini niling'oa karibu nusu ya mimea ya ile sehemu inayotuama maji. Niliona majani membamba, nikasema hizi ndago. Kumbe nyingi zilikuwa mimea ya asili niliyoisia kwa mikono yangu. Iliniuma sana.

Tangu hapo siamini jani. Nashika shina karibu na chini, kati ya kidole gumba na cha shahada, nalizungusha polepole. Likigoma na ukahisi kingo tatu, hiyo ni jamii ya ndago na mafunjo. Likizunguka bila kukwama, lipasue kwa ukucha. Nyasi halisi zina vifundo kama mwanzi, na kati ya kifundo na kifundo mara nyingi pana uwazi. Juncus, mmea wa majimaji usio nyasi wala ndago, haina vifundo vya kushikika. Ndani, aina nyingi zimejaa uboho mweupe, mwepesi kama sponji.

Kidole kinaweza kukudanganya mbele ya Eleocharis. Ni ya jamii ya ndago, lakini shina lake mara nyingi ni la mviringo. Itambue kwa kisuke kimoja kilichosimama kwenye ncha, na shina lisilo na majani ya kuonekana.

Sasa vuta jani taratibu, utazame linapotokea shinani. Sehemu inayolikumbatia shina ndiyo ala. Kwenye nyasi nyingi, kingo zake zinapishana kama shuka iliyofungwa kiunoni; kwenye jamii ya ndago imeziba pande zote kama bomba. Nyasi nyingi pia zina kiulimi, yaani kijiutando au vinyweleo, hapo kwenye kona jani linapoachana na ala, na mimi nakipenda kuliko alama zote. Kwenye matete ni ukingo wa vinyweleo vifupi. Kwenye mpunga ni utando mrefu mweupe. Echinochloa crus-galli, inayofanana mno na mpunga ikiwa changa, haina kitu hapo: pako laini kabisa.

Kujua jamii hakukuambii kama mmea ni wa asili. Matete ya Phragmites australis, kwa mfano, Amerika Kaskazini yapo ya asili na yapo yaliyotoka Ulaya yanayovamia, yote ya spishi moja. Kwa hiyo usiwe na haraka. Funga uzi kwenye shina unalolitilia shaka, usubiri lichanue na kutoa mbegu, kisha ulilinganishe na orodha ya mimea ya asili ya eneo lako.

Ukishindwa kusubiri, chimbua shina moja tu, taratibu, na udongo wake. Ukikuta viazi vidogo vyeusi vilivyoungana kama shanga kwenye uzi, hiyo ni Cyperus rotundus, ndago yenyewe. Kama si ya asili kwenu, itoe na viazi vyote, maana kila kimoja kinachobaki kinaweza kuchipua.