Somo: Kunyanyua mkonga au pickup kwa barabara zetu za Kigoma. Anza na kilo, si inchi

Wakuu, swali ni lilelile kila wiki: "Fundi, nataka kunyanyua gari, niweke inchi ngapi?" Nimelijibu gereji hapa Mwanga, nimelijibu kwenye simu saa tano usiku, juzi nimelijibu msibani. Leo naliandika lote. Atakayeniuliza tena nitamwelekeza hapa.

Nazungumzia magari yenye chesisi (fremu ya chuma chini ya bodi): Land Cruiser mkonga (zile 75, 78 na 79), Land Cruiser 80, Prado, Hilux na ndugu zao.

Kwanza jambo moja ambalo wengi wanalikosa na kupoteza hela. Ukibadilisha springi unanyanyua bodi na chesisi. Difu (lile boksi la gia la mviringo katikati ya ekseli) inabaki palepale ilipokuwa, kwa sababu inakaa kwenye ekseli, na ekseli inakaa kwenye matairi. Isipokuwa yale ambayo mbele kila tairi linacheza peke yake, kama Vigo: hapo difu ya mbele imefungwa kwenye chesisi. Kinachoinua difu ya ekseli ni tairi kubwa tu. Ukitoka 235/85R16 kwenda 285/75R16, tairi linaongezeka urefu kama sentimita 3, na difu inapanda nusu yake, sentimita moja na nusu. Kwa hiyo kama tatizo lako ni kukwaruza difu kwenye mitaro ya malori njia ya Kalya, springi ndefu haitakusaidia. Springi inakusaidia pale gari linapokaa chini likipakia, linapogonga matako kutoka korongoni, na kulipatia tairi kubwa nafasi lisisugue mdagadi.

HATUA YA 1. Jua gari lako limebebwa na nini. Mkonga wa zamani, ile 75, una springi za majani mbele na nyuma. 78 na 79 za kuanzia mwaka 1999 zina koili mbele, majani nyuma. 80 ni koili kote. Hilux Vigo mbele ni koili na kila tairi linacheza peke yake.

HATUA YA 2. Pima kabla hujafungua bolti hata moja. Gari tupu, sakafu tambarare, upepo sawa matairi yote. Vuta futi (utepe wa kupimia) kutoka katikati ya habu (kitovu cha gurudumu) hadi ukingo wa mdagadi, wima, kwa kila tairi. Namba nne. Mimi naziandika kwa kalamu ya rangi kwenye kipande cha tepu ya karatasi nabandika ndani ya boneti, miaka inapita bado zinasomeka.

HATUA YA 3. Hesabu kilo. Hapa ndipo springi inapochaguliwa. Usiniambie "nabeba mzigo mzito", niambie kilo. Kama kuna mtu mwenye mizani ya magari na anakuruhusu, pima gari tupu, kisha lipime likiwa limepakia kama linavyopakia siku zote. Kama hakuna, kaa na karatasi. Lita 100 za dizeli ni kilo 84 hivi. Maji lita moja kilo moja. Dumu la lita 20 la mawese ni kilo 18 na ushee, halifiki 20, mafuta ni mepesi kuliko maji. Bampa la chuma, winchi, keria, tairi la akiba la pili, vyote viandike, na uandike vinakaa mbele au nyuma. Halafu andika kitu cha muhimu kuliko vyote: katika safari kumi, ngapi unapakia na ngapi unarudi tupu?

Springi imetengenezwa kwa uzito fulani. Ukiweka springi ya kilo 600 za kudumu kwenye gari linalotembea tupu, gari litanyanyuka kweli, litapendeza kwenye picha, lakini springi haitakunja. Kwenye makorogesheni (yale mawimbi ya barabara ya vumbi) ya Kasulu nyuma itarukaruka, tairi linaachana na barabara, na tairi lililo hewani halifungi breki wala halishiki kona. Ukiweka springi laini ukapakia, umerudi ulikotoka.

HATUA YA 4. Chagua urefu. Kwa barabara zetu, inchi 2 zinatosha, yaani sentimita 5. Hadi hapo sehemu nyingi za gari bado zinavumilia. Ukizidi, unaanza kudaiwa: propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye difu) inakaa pembe kali na gari linatetemeka, usukani unakuwa mwepesi na kutangatanga kwa sababu kasta (mlalo wa mhimili wa kugeuzia tairi, unaorudisha usukani katikati) imepungua, na kwenye koili ile fimbo ya mlalo inayoshika ekseli na chesisi inaivuta ekseli upande mmoja. Yote yanarekebishika, ila kila moja lina kifaa chake na hela yake. Ziweke kwenye hesabu kabla hujanunua.

HATUA YA 5. Shokapu ziendane na springi mpya. Zikiwa fupi, ndizo zitakazokuwa kamba ya kuzuia ekseli, na zitang'oka. Zikiwa ndefu kupita kiasi, zitagota ndani kabla ya mpira wa kugotea kufanya kazi yake.

HATUA YA 6. HOZI YA BREKI. Soma hapa mara mbili.

Mwaka niliponyanyua 79 yangu niliweka majani mapya nyuma na shokapu ndefu. Nikaingia chini ya gari, nikashika hozi ya breki ya nyuma, ile moja inayotoka kwenye chesisi kushuka kwenye ekseli. Ilikuwa imelegea vizuri. Nikaridhika. Kosa langu ni kwamba niliikagua gari likiwa limesimama kwa matairi yake, springi zimebanwa na uzito. Sikulijeki nikaiacha ekseli ining'inie. Shokapu mpya zilikuwa zinairuhusu ekseli kushuka chini kuliko zamani, na kila nilipovuka tuta au korongo hozi ilikuwa inavutwa mpaka mwisho. Haikukatika siku moja. Ilichanika kidogo kidogo pale shingoni, mpira unapoingia kwenye chuma, mahali ambapo vumbi na matope vinaficha. Safari ya tatu, natoka kusini na madumu ya mawese, nateremka kuelekea Ilagala, nikakanyaga breki pedali ikazama karibu na sakafu. Zilibaki za mbele tu. Nilishusha gia, nikalibana gari kwenye ukingo wa barabara upande wa mlima, likasimama. Utingo alikuwa amekaa juu ya mzigo. Mpaka leo nikishika hozi mkono unakumbuka.

Kwa hiyo: jeki chesisi, weka stendi imara, acha ekseli ining'inie yote, ndipo uangalie. Shusha upande mmoja, kisha mwingine, kisha pande zote mbili pamoja. Hozi lazima ibaki na mkunjo hata hapo. Angalia pia kebo ya hendibreki, mpira wa kupumulia difu, na waya za ABS kama zipo. Mbele, zungusha usukani hadi mwisho kulia na kushoto ekseli ikiwa inaning'inia. Kama hozi imenyooka, nunua ndefu. Usiinyooshe bomba la chuma ili kupata sentimita mbili, na usikubali hozi iliyounganishwa.

Na kuna ndugu yake hozi anayesahaulika zaidi. Toyota nyingi za mizigo zina vali ya breki za nyuma inayofuata mzigo. Kuna fimbo kutoka ekseli kwenda kwenye vali juu ya chesisi. Gari likipakia chesisi inashuka, fimbo inasukuma, vali inafungulia breki za nyuma nguvu zaidi. Ukinyanyua gari bila kuigusa, vali inadhani siku zote gari ni tupu, na breki za nyuma zinakuwa hafifu hata ukiwa na tani nzima. Fimbo lazima irekebishwe kwa kiasi kilekile ulichonyanyua.

HATUA YA 7. U-bolti (bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli) mpya, siku zote. Za zamani zimeshavutika.

HATUA YA 8. Bushi za springi zikazwe mwisho gari likiwa chini kwa uzito wake. Ukikaza likiwa linaning'inia, mpira unaanza maisha ukiwa umepindwa na utachanika mapema.

HATUA YA 9. Alaimenti, shusha taa zisipofue wenzako, kaza tena U-bolti baada ya kilomita 100, na tena baada ya 500.

Karibuni kwa maswali.

—

Kijana wa Gungu: Mkuu bei gani kunyanyua?

Mwandishi: Gari gani, kilo ngapi? Hatua ya 1 hadi ya 3.

Kijana wa Gungu: Cruiser. We taja bei tu ya haraka haraka.

Mwandishi: Sina bei ya haraka. Rudi na namba nne na kilo.

Mrina wa Sikonge: Fundi, shikamoo na asante kwa somo. Mimi nasomba asali kutoka porini Sikonge kuleta Tabora mjini, 79, ndoo 40 za lita 20. Nyuma imekaa. Nilihesabu kilo 800 nikaambiwa niongeze jani moja. Ni sawa?

Mwandishi: Marahaba kaka. Umefanya hesabu, hongera, ila umehesabu asali kama maji. Asali ni nzito, lita moja ni kilo 1.4 hivi. Ndoo yako ikijaa ni kilo 28. Mara 40 ni kilo 1,120, hujaweka ndoo zenyewe, dereva, utingo wala dizeli. Mwenzako wa Kigoma akipakia madumu 40 ya mawese ana kilo 730 tu, na kwa macho mzigo ni sawasawa! Kwa hiyo huenda gari lako limezidiwa, na kama limezidiwa springi si dawa. Springi nene inanyanyua matako ya gari, haiongezi nguvu ya breki, ekseli wala chesisi. Tafuta kibati cha uzito kwenye gari, toa uzito wa gari tupu, ujue unaruhusiwa kilo ngapi. Halafu niambie, unapoenda porini unaenda na nini?

Mrina wa Sikonge: Ndoo tupu tu. Duh, kilo 28! Kumbe ndiyo maana mgongo wa vijana unalalamika.

Mwandishi: Basi nusu ya maisha yake gari ni tupu. Usiongeze jani kamili. Omba seti yenye jani nene la chini lililonyooka, lisiloguswa hadi springi ikunje. Tupu gari linatembea kwa majani ya juu, laini. Ukipakia ndipo jani la chini linapokea. Na anza na ndoo 30, uone linavyokaa.

Dereva wa Ujiji: Mbona mimi nimeweka shako ndefu (vile vibati vinavyoshika ncha ya springi) na bloku (kipande cha chuma kati ya springi na ekseli) chini ya springi za nyuma, mwaka wa tano huu, hakuna shida?

Mwandishi: Bloku moja ya chuma, nyuma, yenye U-bolti za urefu wake, wapo wanaotumia. Lakini inaongeza mkono wa kupindisha springi ukikanyaga mafuta kwenye matope, majani yanajipinda kama herufi S. Mbele usiweke kamwe. Bloku juu ya bloku usiweke kamwe. Shako ndefu kwa sentimita 4 inakupa 2 tu, na ukiiweka mbele inakula kasta. Sikusema gari lako litaanguka kesho. Nimesema sitaifunga kwa mkono wangu.

Dereva wa Ujiji: Sawa, ila usitufanye hatujui kazi.

Mwandishi: Sijasema hujui. Jeki nyuma leo uangalie hozi, hilo tu nakuomba.

Bosi Mchomoko: Nataka Probox yangu ya abiria ipande inchi 3 kwa zile raba za juu ya koili. Inawezekana?

Mwandishi: Hapana. Haina chesisi, ekseli shafti za mbele zitakaa pembe mbaya, na wewe unapakia watu wanane. Badilisha shokapu na springi zilizochoka, irudi kimo chake cha kiwandani.

Binti wa Kasulu: Kaka, mimi nina Vigo, ilinyanyuliwa mbele inchi 3 na fundi mwingine. Tangu hapo nimebadilisha raba za sivi jointi (viungo vya shafti za mbele) mara mbili kwa mwaka, zinachanika na kutema grisi. Nimeinama nikaona shafti zimeshuka kwa mteremko mkali kutoka kwenye difu kwenda matairini. Hiyo ndiyo sababu?

Mwandishi: Dada, umeona mwenyewe, ndiyo sababu hasa. Kwa sababu mbele kila tairi linacheza peke yake, difu imefungwa kwenye chesisi na inapanda nayo. Shafti zinalala mshazari, raba inajikunja sana upande mmoja na kufunguka mwingine, matope yakiingia kwenye mikunjo inajisaga. Shusha hadi inchi moja na nusu au 2, shafti zilale vizuri. Ukishusha, alaimenti upya, na kagua mikono ya juu kama ina nafasi na koili. Chunguza pia jointi kama inalia tak-tak ukikata kona kali, kama inalia raba mpya haitaiokoa.

Binti wa Kasulu: Inalia kushoto. Asante sana, nilidhani ni raba feki.

Msomba Chumvi: Nyongeza kidogo wakuu. Tunaosomba chumvi ya Uvinza, U-bolti na senta bolti (ile inayopita katikati ya majani ya springi) zinaliwa na kutu mpaka hazitambuliki. Mimi naosha chini kwa maji mengi kila nikishusha, na naweka turubai zima kwenye bodi kabla ya kupakia.

Mwandishi: Nyongeza nzuri sana hii. Ongeza na brashi ya waya kwenye mabomba ya breki, hasa yanapopita chini ya bodi. Maji ya chumvi yanatuama kwenye vishikio vyake, ndipo yanapotoboka.

Kijana wa Gungu: Fundi nimerudi. Ni mkonga 79, tupu. Mbele kushoto 50, kulia 50. Nyuma kushoto 53, kulia 49 na nusu. Niagize springi za inchi 2?

Mwandishi: Ahsante kwa kupima, kijana wangu. Usiagize kitu bado. Tofauti ya sentimita 3 na nusu nyuma gari likiwa tupu si uchovu wa kawaida. Osha springi ya kulia kwa brashi, angalia jani moja moja kwa tochi, hasa karibu na senta bolti na pale jani fupi linapoishia. Natarajia utakuta jani limekatika. Pima pia umbali kutoka tairi la mbele hadi la nyuma pande zote mbili. Kama kulia ni tofauti, huenda senta bolti imekatika na ekseli imesogea, usiliendeshe, nipigie nije na jeki.