Kabla hujanunua nyumba ya kale kijijini Uingereza

Ukipenda nyumba ya karne ya 17 kijijini Kent, treni ya London ikiwa jirani, tafuta kwanza jina lake kwenye orodha ya majengo yanayolindwa kisheria, iliyo mtandaoni kwa Historic England, shirika la urithi wa kihistoria. Ni bure. Kama imo, hata kwa daraja la II, lile la chini kabisa, ulinzi unagusa ndani na nje. Sasa angalia vizuri: madirisha ya plastiki? Ukuta uliovunjwa ili jiko liungane na sebule? Mwambie wakili wako adai kibali cha halmashauri kwa kila badiliko lililofanyika tangu nyumba iorodheshwe. Kazi isiyo na kibali haiishiwi muda kisheria, na mmiliki mpya anaweza kuamriwa airekebishe kwa pesa zake, ingawa aliyevunja ukuta ni mwingine kabisa.

Papasa pia kuta karibu na sakafu. Plasta ya saruji juu ya ukuta wa zamani hufungia unyevu ndani, rangi ikaanza kubambuka. Hapo panataka chokaa (mtu wa Lamu hahitaji kuelezwa). Mkaguzi awe mzoefu wa majengo ya kale.

Treni nayo ijaribu Jumanne asubuhi, si Jumamosi.