Somo: Kuikagua Nyumba Kabla ya Kutoa Kishika Uchumba, Tanga

Dalali akikupeleka kuona nyumba hapa Tanga, hukuonyesha kwanza rangi mpya, kisha hati. Hati ina somo lake. Leo tuizungumzie nyumba yenyewe, kwani ukishatoa kishika uchumba, yaani malipo ya awali ya kuishika nyumba, kila kasoro utakayoigundua ni yako. Marekani na Uingereza wapo wakaguzi ambao kazi yao ni hiyo tu. Kwetu mnunuzi huwakusanya mwenyewe fundi mwashi, fundi umeme na fundi bomba, na ikiwa ni ghorofa humwita mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Mafundi hao wawe wako, wasiwe wa dalali, na uwalipe hata ukiamua kutonunua, la sivyo hakuna atakayekuambia ukweli mchungu.

Hatua ya kwanza ni kuchagua wakati. Nenda siku ya jua kali, kisha urudi baada ya mvua kubwa. Anayenunua wakati wa kiangazi asisubiri masika ya Machi hadi Mei ndipo ajue kuwa uani kunatuama maji. Autazame ukuta wa uzio kwa upande wa ndani, maana maji yakituama huacha mstari wa matope, na muuzaji huusahau anapopaka rangi sebuleni. Jirani naye aulizwe, ila dalali asiwepo.

Hatua ya pili ni kuta, kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno. Hapa naomba msiharakishe. Miaka iliyopita nilinunua nyumba Chumbageni ikiwa imepakwa rangi ya maziwa, safi kama sahani. Wiki ya tatu tulipolisogeza kabati, tulikuta rangi imevimba mapovu, na nilipoligusa povu moja kwa kucha likapasuka, ukamwagika unga mweupe. Niliuonja: chumvi tupu. Unyevu ulikuwa ukipanda kutoka kwenye msingi usiokuwa na nailoni ya kuuzuia, ukifika juu unakauka na kuiacha chumvi ndani ya lipu. Chumvi hiyo hutoka ardhini, na wakati mwingine hutoka kwenye mchanga wa pwani uliotumiwa kujengea bila kuoshwa. Kwa hiyo sogeza makabati, inua mikeka, pitisha kiganja ukutani nyuma ya mlango. Na ukiona rangi mpya imeishia usawa wa kiuno tu, uliza kwa nini.

Hatua ya tatu ni zege. Upepo wa bahari hubeba chumvi, na chumvi ikipenya hadi kwenye nondo, nondo hushika kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, hivyo hulisukuma zege mpaka likapasuka. Simama chini ya baraza au balkoni, hasa katika nyumba za Raskazone zinazoelekea baharini, utafute michirizi ya rangi ya kahawia na nyufa zilizonyooka kufuata nondo. Gonga kwa nyundo ndogo: zege zima hulia kwa sauti kavu, zege lililoachana na nondo hulia kama debe tupu. Kasoro hii haitibiwi kwa lipu. Zege bovu hubomolewa, nondo zikasafishwa au kubadilishwa, na gharama yake si ndogo.

Hatua ya nne, panda darini. Zima tochi kwanza: kila nukta ya mwanga unayoiona ni tundu la bati. Kisha iwashe na ukague kenchi, yaani mbao zinazobeba paa, ukichoma mbao kwa bisibisi penye vijia vya udongo vya mchwa. Kinyesi cha popo nacho ni kasoro, kwa sababu harufu yake haiishi upesi.

Maji na umeme havihitaji maneno mengi. Funga mabomba yote uitazame mita ya maji. Ikiendelea kuzunguka, kuna bomba linalovuja mahali usipopaona. Fungua chemba ya maji taka huku mwenzako akimwaga ndoo mbili chooni, uone kama maji yanapita bila kukwama. Fundi umeme, awe na leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, apime waya wa athi, ule unaopeleka umeme uliovuja ardhini, na kujaribu kila soketi.

Mwisho, andika kila kasoro pamoja na gharama ya kuirekebisha, na karatasi hiyo ndiyo iwe msingi wa kujadili bei.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Makorora: Shikamoo mwalimu. Nyumba niliyoipenda ina nyufa. Niiache?

Jibu: Marahaba. Ufa mwembamba kama unywele uliokaa kwenye lipu usikutishe. Wa kuogopa ni ule unaoanzia pembe ya dirisha na kushuka kwa ngazi kufuata viungo vya matofali, ukipanuka kadiri unavyokwenda, kwani mara nyingi msingi umetitia. Uwekee alama za penseli kwenye ncha zote mbili, andika tarehe, na urudi baada ya miezi miwili uone kama umezipita alama hizo.

Mwanachama wa Ngamiani: Nyumba ya zamani ya vyumba sita yenye ukumbi katikati inakaguliwaje? Nje imepigwa saruji.

Jibu: Jua kwanza kilichomo ndani ya saruji. Nyingi ni za miti, fito na udongo, na mchwa wanaweza kuila miti yote huku ukuta ukionekana mzima. Tafuta mahali lipu ilipobanduka, mara nyingi upande wa choo, uchungulie. Ikiwa ni ya mawe na chokaa, saruji hiyo huzuia unyevu kutoka. Itabidi ibanduliwe na kupigwa lipu ya chokaa.

Mwanachama wa Kange: Muuzaji amekataa tusipande darini, anasema ufunguo umepotea. Mume wangu anaona tuendelee tu.

Jibu: Dada, mfuniko wa dari hauna ufunguo. Msitoe hata shilingi mpaka mmepanda.

Mwanachama wa Sahare: Nyumba yangu inatazama maji kabisa. Kuna la ziada la kukagua?

Jibu: Nenda na futi ya kamba. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, hivyo pima kabla ya kugonga zege, maana vipimo vikigoma hakuna haja ya kumlipa fundi.