Somo: Kabla hujabadilisha simu, jua kwanza kilichochoka ni nini

Wakuu, salaam. Swali la "simu yangu ya zamani, nibadilishe au nivumilie nayo?" halikauki humu, na majibu mengi huwa ni jina la toleo jipya na bei yake. Mimi naomba tuanzie kwingine. Simu haichoki yote kwa mpigo. Kuna kinachochoka fundi akakibadilisha ukiwa unasubiri kwenye benchi, na kuna kinachochoka ambacho hakuna fundi wa Makoroboi hapa Mwanza wala Kariakoo atakayekurudishia. Ukishajua chako ni kipi, umemaliza nusu ya kazi.

Hatua ya 1: Orodhesha kazi za simu yako

Chukua karatasi uandike simu inakufanyia nini kwa wiki. M-Pesa, Airtel Money, Mixx by Yas na HaloPesa zote zinafanya kazi kwa menyu ya nyota na reli, hata kwenye kitochi. Kununua LUKU na kulipia kontroli namba hali kadhalika. Kama hizo ndizo kazi zako kubwa, pamoja na kupiga na kupokea, huna haja ya simu mpya, una haja ya simu inayokaa na chaji.

Halafu andika kinachokukwamisha, kwa maneno ya wazi: "inazima ikifika asilimia 30", "programu ya benki inakataa kufunguka", "inaganda nikirekodi video". Ukiandika tu "imepitwa na wakati" bado hujajibu, maana hapo anayesema ni jirani yako mwenye simu mpya.

Hatua ya 2: Chunguza betri kabla ya kulaumu simu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu simu nyingi zinazoitwa mbovu zina ugonjwa wa betri tu.

Betri za simu janja ni za lithiamu, na kila mzunguko wa chaji unazipunguzia uwezo. Apple wanasema betri za iPhone 14 na zilizotangulia zimeundwa zibaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 500; kuanzia iPhone 15 ni mizunguko 1000. Mzunguko mmoja ni jumla ya asilimia 100 uliyotumia, hata kama ni 60 leo na 40 kesho. Anayemaliza chaji nzima kila siku anafikisha mizunguko 500 kwa mwaka mmoja na miezi kadhaa. Kwa hiyo simu ya miaka mitatu yenye betri iliyolegea haina kasoro yoyote ya ajabu, imefika pale ilipotarajiwa kufika.

Dalili zake: asilimia zinaruka, kutoka 35 hadi 12 ndani ya dakika chache. Simu inazima ukifungua kamera au ukiwasha tochi, kwa sababu betri iliyochoka haiwezi kutoa umeme mwingi kwa ghafla. Kwenye iPhone kuna jambo wengi hawalijui: betri ikichoka sana, simu hujipunguzia kasi yenyewe ili isizime. Mtu anaamini simu imezeeka, kumbe betri mpya inairudishia mwendo wake. Angalia afya ya betri kwenye mipangilio. Ikiwa chini ya asilimia 80, badilisha hiyo kwanza.

Mfuniko wa nyuma ukiinuka, au kioo kikianza kuachia pembeni, betri imevimba. Usiibonyeze, usiichaji tena, peleka kwa fundi siku hiyohiyo.

Adui mkubwa wa betri huku kwetu ni joto. Simu iliyoachwa juu ya jiwe juani wakati wa kuanika dagaa, au inayochajiwa chini ya mto usiku kucha, inazeeka mapema. Na kama tatizo ni chaji kutoingia, zima simu, chokonoa taratibu tundu la chaji kwa kijiti cha meno. Vumbi na nyuzi za mfukoni vinajaa mle mpaka waya haukai vizuri.

Hatua ya 3: Ipe simu nafasi ya kupumua

Simu ambayo hifadhi yake imejaa inakuwa nzito, hata ingekuwa ya bei kubwa. Fungua WhatsApp, ingia kwenye mipangilio ya hifadhi, utaona makundi yanayokula nafasi yamepangwa kuanzia kubwa. Video za harusi na mahubiri yaliyotumwa mara kumi ndizo zinazokaa juu. Zifute, kisha zima upakuaji wa video wa moja kwa moja. Lenga kubakiza angalau sehemu moja ya kumi ya hifadhi ikiwa wazi.

Bado nzito? Kwenye simu nyingi za Android, bonyeza na ushikilie neno la kuzima simu mpaka ikuulize kama unataka iwake katika hali salama. Katika hali hiyo programu ulizopakua mwenyewe hazifanyi kazi. Ikiwa nyepesi humo, mbaya wako ni programu mojawapo. Hatua ya mwisho ni kuirejesha simu kwenye hali ya kiwandani, lakini hakikisha umehifadhi vitu vyako na unakumbuka nenosiri la akaunti yako ya Google. Nimeona watu wengi wakifungiwa nje ya simu zao wenyewe, kwa sababu akaunti ilifunguliwa na kijana wa dukani na hakuna anayekumbuka nenosiri.

Hatua ya 4: Sasa tafuta kisichotengenezeka

Mambo manne tu.

Toleo la mfumo. WhatsApp iliacha simu za Android 4.4 kushuka chini mwanzoni mwa 2025, na Mei mwaka huohuo ikaacha iPhone zisizofika iOS 15.1 (iOS ni mfumo wa iPhone), yaani 5s, 6 na 6 Plus. Programu za benki nazo hupandisha kiwango kadiri muda unavyokwenda. Hapo fundi hana la kukusaidia.

Apdeti za usalama. Kwenye Android nenda Mipangilio, Kuhusu simu, Toleo la Android, usome tarehe ya apdeti ya mwisho. Kama ni ya miaka miwili mitatu nyuma na simu hiyo ndiyo inayobeba benki yako, mimi nahesabu hiyo kuwa sababu halali ya kubadilisha, hata kama simu inang'aa.

RAM, yaani kumbukumbu inayobeba programu ulizofungua kwa wakati huo. Haiongezwi na fundi. GB 2 kwa matumizi ya leo ni mateso. Unatoka WhatsApp kwenda kwenye kamera, ukirudi inaanza kufunguka upya.

Mtandao. Simu ya 3G peke yake itabaki ya 3G. Ila usikimbilie 5G kwa sababu ya matangazo. Ulizia kwanza kama mtandao wako unaifikisha pale unapolala na pale unapofanyia kazi, iwe Buhongwa, Igoma au Pasiansi.

Hatua ya 5: Piga hesabu

Omba bei ya fundi, kisha ulizia bei ya simu kama yako ikiwa mtumba mzima. Matengenezo yakivuka nusu ya bei hiyo, acha. Yakiwa chini, na hatua ya 4 haijakukamata, tengeneza. Betri na tundu la chaji karibu kila mara vinalipa. Kioo inategemea. Ubao wa ndani, mara nyingi hapana: leo unatengeneza chaji, mwezi ujao inapotea sauti.

Hatua ya 6: Ukiamua kununua

Soma boksi kwa makini. Maboksi mengi ya simu za bei nafuu yanaandika RAM GB 8 kwa herufi kubwa, halafu pembeni kwa herufi ndogo "4+4". RAM halisi hapo ni 4. Nne nyingine ni kipande cha hifadhi kinachoazimwa, na hifadhi ni polepole mno kuliko RAM. Muuzaji akikutajia 8, muulize: "Bila kuazima ni ngapi?"

Uliza pia apdeti zitakuja kwa miaka mingapi. Google kuanzia Pixel 8 na Samsung kuanzia Galaxy S24 waliahidi miaka 7, na Samsung wakatoa miaka 6 kwa Galaxy A16 ambayo ni ya bei ya kawaida. Miaka hiyo inahesabiwa tangu toleo lilipoingia sokoni, si tangu siku uliyolinunua wewe.

Kwa simu ya mtumba, usitoe hela kabla ya haya. Piga *#06# upate IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, uitume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090. Majibu yatakutajia aina ya simu. Yasipolingana na uliyoishika mkononi, ondoka. TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, ilizima simu bandia Juni 2016, na mfumo ule wa kuzikagua haukuwa wa siku moja. Weka laini yako, piga, fungua intaneti, maana baadhi ya simu za kutoka nje zimefungiwa mtandao wa huko. Kwa Samsung, *#0*# huleta ukurasa wa kupima kioo, kamera na spika. Na mwenye simu aondoe akaunti yake ya Google au iCloud mbele ya macho yako. "Nitakutumia nenosiri baadaye" ni neno la kukuachia jiwe, yaani simu iliyofungwa isiyotumika. Dai risiti, kwani kukutwa na simu ya wizi ni kesi yako.

Hatua ya 7: Kuhama

Simu zote mbili zikiwa mkononi, na zote ni Android au zote ni iPhone, WhatsApp inahamisha mazungumzo kwa kuskani msimbo wa QR. Majina yahifadhi kwenye akaunti ya Google, si kwenye laini. Usiuze ya zamani mpaka umeishi na mpya angalau wiki moja.

Maswali ya wanachama

Kutoka Kirumba: Mwanangu, hujambo? Nafanya dagaa hapa Mwaloni. Simu yangu ni RAM GB 2, Android 10. Wateja wa mikoani wanataka video ya mzigo kabla ya kutuma hela, nayo inaganda katikati. Vijana wananiambia nichukue yenye kamera ya 50.

Jibu: Shikamoo mama. Kamera ya megapikseli 50 siyo dawa, kwa sababu WhatsApp huibana picha na video kabla ya kuituma. Kinachokugandisha ni RAM na hifadhi. Fanya hatua ya 3 leo, na ufute lenzi kwa kitambaa laini, vumbi la dagaa lina mafuta. Ikiendelea kuganda, badilisha, na wala usijione unafuja hela: simu hiyo ndiyo duka lako. Chukua RAM halisi ya GB 4 au zaidi, usilipie megapikseli.

Kutoka Malimbe: Mkuu, nasoma chuo cha SAUT. Nina iPhone 7, nataka XR au 11 ya mtumba. Kuna sehemu wanatoa kwa mkopo wa kila wiki.

Jibu: iPhone 7 iliishia iOS 15, kwa hiyo WhatsApp unayo bado ila uko kwenye ukingo. XR imeishia iOS 18. iPhone 11 imepata iOS 26 iliyotoka 2025. Kama bei hazipishani sana, ni 11. Ingia sehemu ya maelezo ya simu ndani ya mipangilio uone kama betri au kioo kimebadilishwa kwa kifaa kisichotambulika. Kwa 11 vyote viwili huonyeshwa. Kuhusu mkopo, zidisha malipo ya wiki kwa idadi ya wiki, jumlisha na kianzio, ulinganishe na bei ya taslimu. Tofauti hiyo ndiyo gharama yako, na ukichelewa simu inaweza kufungwa kutoka mbali. Ukiwa na mtihani wa mtandaoni wiki hiyo, utaumia. Mimi ningeweka betri mpya kwenye 7 nikachanga.

Kutoka Ukerewe: Kijana, niko kisiwani, mtandao wa kubahatisha, chaji ni sola. Nina kitochi. Watoto wananisukuma ninunue simu janja.

Jibu: Shikamoo mzee wangu. Azima simu janja ya mgeni yeyote, ujaribu laini zote ukiwa nyumbani kwako, asubuhi na jioni. Intaneti isiposhika, usinunue. Ikishika, fikiria sola: betri ya kitochi ya mAh 1000 (mAh ni kipimo cha ukubwa wa betri) inataka karibu wati-saa 4, ya simu janja ya mAh 5000 inataka karibu 19. Pima na paneli yako pamoja na taa. Ukinunua, kitochi kibaki na laini ya pesa. Ukienda ziwani, kitochi ndicho kiende nawe.

Kutoka Sengerema: Kaka, simu iliniponyoka majini pale kivuko cha Kamanga. Nikaitia kwenye mchele, ikawaka. Kioo kina madoa. Nibadilishe kioo au ninunue nyingine?

Jibu: Ndugu, usibadilishe kioo kwanza. Mchele haukaushi ndani ya simu. Apple walionya mwaka 2024 kwamba chembe zake zinaweza hata kuiharibu. Maji yakishaingia, kutu inaendelea kula ubao taratibu hata simu ikiwa inawaka, ndiyo maana nyingi hufa wiki kadhaa baadaye. Hamisha picha, majina na mazungumzo leo. Kisha fundi aifungue, asafishe ubao, akuonyeshe hali yake. Ukiwa safi, weka kioo. Ukiwa na kutu ya kijani kwenye viungio, hiyo hela ya kioo iwe kianzio cha simu nyingine. Na hata ukinunua yenye alama ya IP68, ile ya kustahimili maji, jua kwamba ilipimwa ikiwa mpya, kwenye maji safi yaliyotulia, na fundi akishaifungua ile gundi ya kuzuia maji haibaki kama ilivyokuwa. Mfuko wa plastiki wa kufunga unauzwa bei ndogo, uvae shingoni kabla hujapanda kivuko.